Masika Niliyoitetea Serikali

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta kwenye ngazi za ofisi, nimekumbatia jalada la kesi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mkuu wetu wa kitengo amenipa asubuhi, hata kiti hakunikaribisha.

"Dada, hii ni yako. Watu wa Makazi Mapya wameishtaki serikali. Wanasema tumewanyima haki ya maendeleo. Nataka iishe kabla ya mvua kuisha."

Makazi Mapya ni kule juu mlimani, serikali ilikowahamishia watu wa bondeni lilipojengwa bwawa. Sisi wa mjini tunakunywa maji ya bwawa lile na taa zetu zinawaka kwa nguvu yake. Wao waliahidiwa maji, zahanati na barabara. Miaka imekatika. Nyaya za umeme zinapita juu ya mapaa yao zikija kwetu.

Nimeshatetea kesi za ardhi, za fidia, za zabuni. Haki ya maendeleo sijawahi kuiona imesimama mahakamani. Nilipomsimulia mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, aliweka bisibisi chini akanitazama.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuishtaki serikali kwa sababu hajaendelea? Basi na mimi nina kesi."

Tumecheka. Mama mkwe hakucheka. Yeye hucheka na redio yake tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma kutwa. Hoja yetu naiona imenyooka. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1986 linasema maendeleo ni haki ya binadamu, na kwamba mtu ndiye mlengwa mkuu, ashiriki na anufaike. Maneno mazuri, lakini azimio si mkataba, halimfungi mtu. Tatizo ni kwamba nchi yetu ilikwenda mbele zaidi ikaridhia mkataba wa kanda ambao ndani yake haki hiyo imeandikwa waziwazi. Hapo nitasema: haki hiyo ni mwongozo wa sera, si kitu cha kupimwa na jaji. Bajeti hupangwa na bunge. Mahakama haiwezi kuchimba visima.

Nimeipenda sentensi hiyo ya mwisho. Nimeipigia mstari.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Kesi imetajwa tu, ikaahirishwa. Jaji ni mwanamke mfupi, mpole, anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Wakili wa wadai ni mzee mrefu mwenye mafua ya kudumu. Anajitetea zaidi kwa leso kuliko kwa sheria.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimekutana na Mama Spoku.

Ndiye mdai wa kwanza, aliyeweka jina lake juu ya majina yote. Ni fundi wa baiskeli. Jina hilo amepewa na wateja kwa sababu akipita mtaani hukosi kumwona na njiti za magurudumu mkononi au zimechomekwa kwenye kilemba. Mahakamani alikuja na gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, na kucha zenye grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwenye viapo vya wadai nilikuwa nimeona kwamba Makazi Mapya watu huteka maji mtoni, chini kabisa, na kuyapandisha mlimani kwa baiskeli, madumu yakining'inia pande zote. Baiskeli zinakufa ovyo. Na fundi ni mmoja. Nikaona nimempata.

"Mama, kazi yako ni kutengeneza baiskeli?"

"Ndiyo, mama wakili."

"Na baiskeli hizo nyingi huharibika kwa kubeba maji?"

"Nyingi sana. Mlima ule haumwonei huruma mtu."

"Kwa hiyo shida ya maji ndiyo inayokulisha."

Wakili mzee alitaka kusimama. Mama Spoku akamwinulia mkono kidogo, kama mtu anayemwambia mgeni asihangaike na chai.

"Ni kweli," akasema. "Maji yakija, mimi nitalala njaa miezi miwili, mitatu, mpaka nipate kazi nyingine. Mume wangu marehemu angekuwepo angeniambia nina wazimu. Lakini, mama wakili, wewe umeniuliza kama napata faida. Hukuniuliza kama nimefurahi. Kila tairi ninayoziba naona ni mtoto wa mtu aliyekosa shule. Nimechoka kula chakula hicho."

Nikapekua karatasi kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika, kisha nikamuuliza kitu kilichonijia mdomoni.

"Mnataka nini hasa? Mabomba?"

"Mabomba tunayataka. Lakini yalishaletwa mabomba, yakazikwa upande wa makaburini kwa sababu kwenye ramani ya mjini huko palionekana ni uwanja. Hakuna aliyetuuliza. Tulijengewa zahanati mahali gari halifiki. Hakuna aliyetuuliza. Sisi tunataka siku moja gari la serikali lije, mtu ashuke, aseme: jamani, mnaonaje?"

Nikakaa. Jaji aliendelea kuandika muda mrefu baada ya mimi kukaa.

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu ameniuliza ilikwendaje. Nikamwambia shahidi ni mgumu. Akasema, "Kila shahidi ni mgumu kwa asiyejiandaa." Huyu mtu tangu nimjue anawaza cheo tu. Suti zake zinamtangulia kuingia mlangoni.

Jumatano, 20 Machi

Leo yule mzee wa mafua amenishangaza. Alisimama kujibu hoja yangu kwamba haki hii haina mtu wa kuipima. Hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa Jaji, mwenzangu msomi anasema mahakama haiwezi kuchimba visima. Nakubali. Mimi mwenyewe nikipewa koleo nitaumia mgongo." Watu wakacheka, na jaji akatabasamu. "Lakini hatuiombi mahakama ichimbe. Tunaiomba iulize maswali mawili. Je, watu hawa walishirikishwa? Je, walipata sehemu ya neema waliyoiachia ardhi yao? Serikali haikulazimishwa na mtu kuridhia mkataba ule. Ilichukua kalamu yake, ikatia saini mbele ya wageni, ikapigwa picha. Kama ahadi hiyo si ya kupimwa, basi ilitiwa saini ya nini?"

Akapiga chafya, akaomba radhi, akakaa.

Nilijibu. Nilisema vizuri pia, nadhani. Nilitaja hatari ya majaji kutawala nchi, nilisema kuhusu vijiji vingine ambavyo navyo vina kiu, kwamba fedha haitoshi na lazima mtu achague. Sikusema uongo hata neno moja. Ni hoja za kweli. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa naijibu hoja ya mzee, si yeye kuijibu yangu.

Jaji ametangaza kwamba ataenda kuyaona Makazi kwa macho yake.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Mume wangu ana homa. Mama mkwe kampikia uji, mimi kaniambia, "Wewe nenda kwenye serikali yako."

Jumatano, 10 Aprili

Naandika bado nina tope magotini.

Tulitoka asubuhi: gari la jaji na karani wake, gari letu, na gari la mamlaka ya maji lenye mhandisi wa mradi, kijana mchangamfu anayepiga miluzi. Wakili mzee alipanda gari letu kwa sababu lake halina miguu ya mlima. Alilala njia nzima, leso usoni.

Barabara iliisha kabla ya kijiji. Sehemu ya mwisho tulipanda kwa miguu, jaji mbele, viatu mkononi, akisalimia kila aliyemkuta. Makazi Mapya ni mistari ya nyumba zinazofanana, zimepangwa kama madawati, juu ya mgongo wa mlima usio na mti. Hata siku ya mvua unaona jinsi jua linavyopapiga. Zahanati ipo kweli, ina rangi nzuri, ina kufuli. Wagonjwa hushushwa kwa kitanda cha kubebwa. Mama mmoja alimweleza jaji jinsi alivyojifungulia katikati ya mteremko, akamwonyesha na jiwe aliloegemea. Alisimulia bila kulia. Jaji ndiye aliyegeuza uso.

Kisha tukafika kwenye mabomba. Kwenye viapo vyao wadai wameapa kwamba ni makavu tangu yafungwe. Mhandisi akamwomba jaji afungue mwenyewe. Jaji akashika koki, akazungusha.

Maji yakatoka. Yalitoka kwa nguvu, meupe, yakamrukia sketi.

Kwanza watu walisimama tu. Halafu mzee mmoja akainama akayaonja kwa kiganja, akasema, "Ni maji." Mhandisi akatabasamu kama bwana harusi. Mimi siwezi kuficha: niliona tumeshinda. Wadai wameapa uongo, kesi imekwisha.

Jaji akamgeukia Mama Spoku. "Mama, unasemaje?"

Mama Spoku aliyatazama maji yale. Uso wake ulionyesha mtu aliyepotea njia mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, jana hayakuwepo. Leo yapo. Sijui niseme nini." Kisha akawageukia wenzake. "Jamani, chukueni vyombo. Chukueni kila chombo, mteke upesi."

Hilo lilinigonga. Mtu anayedanganya kuhusu maji hakimbilii ndoo. Walikimbia wote, wakaleta madumu, masufuria, beseni la kuogeshea watoto, mpaka kofia ya mwendesha pikipiki. Hakuna aliyeyaamini maji yale kwamba yatakuwepo kesho.

Nilijitenga kutafuta mtandao nimpigie Mkuu nimpe habari njema. Nikazunguka nyuma ya tangi kuu, upande usio na nyumba inakopita njia ya zamani ya magari ya ujenzi, na hapo nikaona tope limechimbwa na magurudumu mapana ya gari zito. Nikayafuata. Chini ya kona lori la kubeba maji, boza la mamlaka ya maji, lilikuwa limezama hadi nusu ya tairi, na dereva wake amekaa kwenye ngazi anakula muhogo mbichi.

"Mama, una watu wa kunisukuma?" akaniuliza.

"Umefuata nini huku?"

"Tunajaza tangi tangu jana. Mhandisi alisema jaji anakuja. Safari ya mwisho ndiyo imenikwamisha."

Alisema hivyo hivyo, bila aibu. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Nilimkuta mhandisi akifuta viatu. Nikamwambia nimeona boza. Hakushtuka.

"Mama wakili, mimi nimekusaidia kesi yako. Bomba kuu lina hitilafu, litatengenezwa mwakani. Jaji anataka kuona mfumo unafanya kazi, mfumo unafanya kazi. Maji ni maji."

"Umemdanganya jaji."

"Hajauliza yametoka wapi."

Safari ya kurudi mzee wa mafua alilala tena. Niliutazama usingizi wake nikaona wivu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimewaambia nyumbani, wote wawili, wakati wa chakula. Mume wangu aliuliza swali la fundi: "Usiposema, itajulikana?" Nikasema labda, labda isijulikane kamwe. Akauliza, "Na ukisema?" Nikasema huenda nikahamishiwa ofisi ya usajili wa vyama nikagonge mihuri mpaka nistaafu.

Kisha akasema tutabana matumizi, akaomba aongezewe mboga.

Mama mkwe alizima redio. Sijawahi kumwona akiizima mwenyewe.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeingia kwa Mkuu nikiwa nimejiandaa kupigana. Nimemweleza yote nikiwa nimesimama. Nikamalizia kwamba mimi ni wakili wa serikali lakini ni ofisa wa mahakama pia, na kwamba Jumatatu nitasema, hata akinikataza.

Alikwenda dirishani. Akaangalia mvua ikigonga magari.

"Mhandisi yule ni mtoto wa dada yangu," akasema. "Hukujua?"

Sikujua.

"Nilimtafutia kazi ile mimi. Nikamwambia, fanya kazi uonekane." Akageuka. "Jumatatu usiende peke yako. Mkuu wa kitengo akisimama pembeni yako, hakuna atakayesema ni wakili mmoja aliyechanganyikiwa."

"Dada yako atasemaje?"

"Atanilaani. Ni dada yangu, atachoka."

Miaka yote hii nimekuwa nikiziangalia suti zake tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Asubuhi nilikuta joho langu limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshatoka kwenda sokoni.

Nilisimama kabla ya kesi kuitwa vizuri. Nikasema: Mheshimiwa, maji uliyoyaona siku ile hayakutoka kwenye bomba kuu. Yalipandishwa kwa boza, tangi likajazwa kwa ajili ya ujio wako. Upande wa serikali unaomba mahakama isiyatilie maanani, na unaomba radhi. Mkuu, aliyekuwa amesimama kando yangu, akaongeza, "Mimi ndiye msimamizi wa shauri hili, Mheshimiwa. Hayo ndiyo maelezo ya ofisi."

Jaji aliweka kalamu mezani. Alisema mahakama imesikia, na kwamba itakapoandika hukumu itaandika pia kwamba jambo hili lilisemwa na nani. Mzee wa mafua alisimama, akaniinamia kichwa, akakaa. Hakutumia nafasi ile kunikandamiza hata kidogo. Angeweza.

Nje, Mama Spoku alinisubiri kwenye korido. Nilidhani atanishukuru au atanisema.

"Yalikuwa matamu lakini," akasema. "Tumeyanywa mpaka Jumamosi."

Tukacheka mpaka askari wa mlangoni akatugeukia.

Ijumaa, 19 Aprili

Mhandisi amesimamishwa kazi. Shemeji yake Mkuu, baba wa mhandisi, amekuja ofisini kumfokea mbele ya makarani. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akamtafutia mwavuli.

Jumatano, 24 Aprili

Wakubwa wanataka suluhu nje ya mahakama. Pendekezo si baya: bomba kuu litatengenezwa mwaka huu, kila kaya itapewa kifuta jasho, zahanati itapata muuguzi. Kwa masharti: kesi iondolewe, hukumu isitolewe, na Makazi wasiingilie awamu ya pili ya bwawa. Ukuta utainuliwa, maji yatapanda, na kijiji kingine cha bondeni kitahamishwa.

Nimetumwa kulipeleka.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimepanda tena mlima ule, safari hii na mzee wa mafua. Njiani nilimwuliza kwa nini hakunikandamiza siku ile. Akasema, "Mwanangu, nina kesi nyingi na maadui wa kutosha. Watu waaminifu sina wengi, siwezi kuwachezea."

Tulimkuta Mama Spoku barazani kwake, gurudumu mapajani. Wakili wake akamsomea pendekezo lote. Nilimtazama akisikiliza. Nilikuwa na hakika atakataa, na kwa siri nilitamani akatae.

"Unasemaje?" nikamwuliza.

"Mimi? Mimi sisemi kitu. Nikikataa peke yangu nitakuwa nimefanya kama ninyi. Ngoja wenzangu waitwe."

Walikusanyika katika darasa lisilo na madirisha, mvua ikipiga bati hadi watu wakawa wanapokezana kusema kwa kupaza sauti. Pendekezo likasomwa mara mbili. Kisha Mama Spoku akamwita wa kwanza kusema: jirani yake, mpasua mbao, mtu ambaye, nilielezwa baadaye, hajapatana naye tangu zamani.

"Mimi nataka tuchukue," mpasua mbao akasema. "Mama yangu ni mzee. Akifa hajafungua bomba nyumbani kwake, hukumu nitaifanyia nini? Nitaitandika kitanda? Na huyu," akamwonyesha Mama Spoku kwa kidole, "anapenda kuitwa mahakamani. Amezoea kusalimiwa na mawakili."

Wengine walimzomea. Mama Spoku alisimama. Nilifikiri atamjibu.

"Mwacheni amalize. Na aliyezomea, zamu yake itafuata aseme la maana."

Akakaa. Mpasua mbao akamaliza. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Muda mwingi ilionekana watachukua. Nilimwona Mama Spoku amebana viganja katikati ya magoti, midomo imefungwa. Kisha msichana mwenye mtoto mgongoni akauliza kutoka nyuma: "Hawa watakaohamishwa awamu ya pili, wao nani atawauliza?"

Mvua ikajibu kwa muda. Mpasua mbao akajikuna shingo.

"Si watapelekwa mlimani kama sisi," akasema hatimaye, polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. Akakaa. Akasimama tena. "Nimesema yangu. Lakini lile sharti la mwisho mimi silitaki. Lile liondoke."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Pendekezo likakataliwa, kwa mikono michache tu ya ziada. Watu wengine walitoka wakinung'unika. Mama mmoja alilia kabisa. Walikuwa wamekataa maji ya uhakika kwa ajili ya watu wasiowajua, na hukumu ingeweza kuwaangusha.

Nilimwuliza Mama Spoku mlangoni kwa nini hakusema neno.

"Ningesema wangenifuata. Sasa wamejifuata wenyewe. Wewe umeona? Hata yule wa mbao. Ameongea vizuri kuliko mimi, mjinga yule." Akajipangusa macho na kiwiko, mahali pasipo na grisi. "Nilikuwa naogopa, mama wakili. Usimwambie mtu."

Nimesoma kurasa ngapi kuhusu maana ya kushiriki. Leo nimeiona imekaa kwenye benchi, imebana mikono.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepeleka jibu lao. Mkubwa mmoja alisema watu hawa hawana shukrani. Mkuu akasema, "Shukrani ya nini, mzee? Bado hatujawapa kitu."

Alhamisi, 16 Mei

Mvua inapungua. Mama mkwe kaniuliza, mara ya kwanza tangu niolewe, kazi inaendaje. Nimemsimulia mkutano wote. Ametaka nirudie sehemu ya mpasua mbao.

Ijumaa, 24 Mei

Hukumu.

Watu wa Makazi walijaa ukumbini wakiwa na nguo zao bora, na tope la mlima kwenye pindo. Jaji alisoma kwa sauti ile ile ndogo, tukawa tunainama kumsikia.

Amesema mahakama haitapanga bajeti, na katika hilo upande wa serikali una haki. Amekataa dai la fidia kubwa. Ushahidi wa hasara ya kila kaya haukutosha. Niliona mabega ya watu yakishuka. Mpasua mbao alishika kichwa.

Kisha akageuza ukurasa. Akasema nchi iliyoridhia haki haiwezi kuiweka kabatini na kuionyesha wageni tu. Akasema maendeleo yanayomvuka mtu kama waya uliopita juu ya paa lake hayajawa maendeleo yake. Akasema haki hii ina sehemu mbili zinazopimika, kushiriki na kunufaika, na serikali imezikosa zote mbili. Akaamuru: serikali ikae na watu wa Makazi, na watu wa bondeni wanaosubiri kuhamishwa, kabla ya jiwe lolote la awamu ya pili kuwekwa, mpango wa maji, barabara na zahanati upangwe pamoja nao, na taarifa iletwe mbele yake, hatua kwa hatua, mpaka atakaporidhika.

Aliandika pia kuhusu boza, kama alivyoahidi. Alisema imani ya mahakama ilirudishwa na upande ule ule ulioivunja. Sikuweza kumtazama mtu. Nilitazama kucha zangu.

Tumeshindwa. Nimeandika neno hilo nione linafananaje. Naliona limekaa vizuri.

Jumatatu, 27 Mei

Nimeulizwa maoni kuhusu rufaa. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu: kwamba hukumu hii ni nzuri kisheria, kwamba tukikata rufaa tutakuwa tunaomba ruhusa ya kutowauliza watu, na kwamba mimi sitaiandika rufaa hiyo. Mkuu amesoma akiwa amesimama. Akatoa kalamu, akatia saini yake chini ya yangu.

Alhamisi, 30 Mei

Hakuna rufaa. Mama mkwe ametangazia majirani watatu kabla sijavua viatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua zimeisha. Barabara imekauka, ina mifereji kama uso wa mtu aliyelia.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya kikao. Mamlaka ya maji imeleta mhandisi mwingine, mwanamke makini asiyepiga miluzi. Watu wa Makazi walikuwepo, na wa bondeni walipanda kwa miguu kuja kusikiliza. Meza ikawekwa uwanjani, ramani ikatandazwa, ikawekewa mawe pembeni isipeperuke.

Mhandisi alisimama. Alikuwa amefundishwa la kusema, nadhani, lakini alilisema kama lake.

"Jamani, mnaonaje? Tuanzie wapi?"

Watu walitazamana. Kimya kilirefuka mpaka nikaogopa kwamba baada ya yote haya hawatasema kitu. Mama Spoku alikuwa safu ya tatu, katikati ya watu, si mbele.

Halafu bibi mmoja akasogea mezani, akauliza kaburi la mwanawe liko wapi kwenye ramani. Mhandisi akamwonyesha. Bibi akasema bomba lisipite hapo. Mpasua mbao akasema basi lipite kwake. Mwingine akasema lisipite kwake hata kidogo, ana mihogo. Wa bondeni mmoja akauliza kama wao nao wanaruhusiwa kusema, watu kumi wakamjibu kwa pamoja aseme. Punde meza haikuonekana tena kwa vichwa, kila mtu ana kidole juu ya ramani, wanagombana, wanacheka, wanafutiana na kuchora upya kwa mkaa.

Mhandisi alirudi nyuma hadi nilipokuwa. Saa zilikuwa zinakwenda, na dereva alishaanza kuangalia jua.

"Mama wakili," akaninong'oneza, "sasa tunafanya nini?"

"Tunasubiri," nikamwambia. "Bado wanazungumza."